Digrii Sitini na Sita kwa Saa Nzima

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mkataba umewekwa. Mke wangu ameuandika mwenyewe, kwa chaki yake ya kukatia nguo, nyuma ya mlango wa chumba cha kufulia. Bia moja ya mwisho. Nikiiharibu, sufuria yangu ya umeme inatoka na cherehani yake inaingia. Mwamuzi ni kaka yake, seremala. Akimaliza glasi na kuomba ya pili, chumba ni changu moja kwa moja. Akibakiza hata funda moja, nimekwisha.

Kaka yake! Mtu anayepikia bia ndani ya kasha la plastiki la kubebea barafu! Anamwaga maji ya moto, anamwaga kimea, anafunika blanketi kuukuu, basi. Na bia inatoka safi kila mara. Mimi nina koili ya kupashia moto, nina pampu, nina kisanduku chenye tarakimu nyekundu. Yeye ana blanketi. Humu kwenye shajara namwita Bwana Blanketi. Mbele yake namwita shemeji, kwa heshima zote.

Makosa ya nyuma, kwa kumbukumbu. Kimea kilichovunjwavunjwa hulowekwa kwenye maji ya digrii sitini na sita kwa saa nzima, mpaka utamu wake utoke. Kazi yote ni hiyo. Mara ya kwanza joto lilipanda, bia ikawa nzito na tamu, jirani akaniuliza anywe vijiko vingapi kwa siku. Mara ya pili joto lilishuka, nikapata maji yenye povu. Mara ya tatu uji wa kimea ulishika chini kwenye koili na tukanywa moshi. Mwanzo mzuri, kwa ujumla.

Chumba chenyewe kina dirisha kubwa linalotazama jua la asubuhi. Mimi jua silitaki, linaharibu bia. Nimeliziba kwa kadibodi tangu mwaka juzi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Kazini, mkuu wa ghala ameniita ofisini. Mimi ndiye msimamizi wa chumba cha baridi, wanakoweka maziwa. Kazi yangu ni kuandika joto la chumba kila saa. Kwa bidii yangu mwenyewe huwa naandika kila dakika kumi. Mkuu amesema joto la chumba linapanda kila siku mchana na hajui kwa nini. Nimemwahidi kwamba nitaongeza ukaguzi. Amenitazama kwa muda mrefu. Nadhani aliguswa.

Mlango wa chumba kile una kidirisha cha kioo, na kipimajoto kinaning'inia kwa ndani mkabala nacho. Lakini kioo hushika ukungu. Siwezi kutia sahihi yangu chini ya kitu nilichokiona kwenye ukungu. Nafungua mlango.

Jioni, mazoezi nyumbani kwa maji matupu. Tarakimu zimepanda hadi sitini na sita zikatulia hapo. Nimeruka! Kisha nikachovya kipimajoto cha kioo nilichoazima kazini. Juu, hamsini na tisa. Chini, sabini na moja. Loo! Kisanduku kinapima pale pale kilipofungwa, ubavuni mwa koili, kisha kinatangaza kana kwamba kimeizunguka sufuria nzima. Nimekikemea kwa sauti. Mke wangu akauliza kutoka koridoni nazungumza na nani. Nimesema na sufuria. Hakuuliza tena.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Upelelezi. Nimepitia karakana ya Bwana Blanketi nikijifanya nataka kigoda. Bahati ilioje: alikuwa ndiyo kwanza ameloweka kimea chake. Kasha limekaa pembeni, blanketi juu, yeye anapiga randa ubao na kuimba puani. Nimemuuliza joto limefika wapi. Akasema alipima mwanzo na atapima mwisho. Nikamuuliza katikati je? Akasema katikati anapiga randa.

Sikuamini. Hakuna mtu anayeweza kuishi hivyo. Nikasubiri mteja amwite nje, nikanyanyua blanketi, nikafungua mfuniko, nikatia kipimajoto changu. Sitini na sita juu. Nikakizamisha. Sitini na sita chini! Nikakipiga kipimajoto kofi nikatia tena. Nilikuwa bado nimeinama hivyo, na mvuke umenijaa usoni, nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu.

Shemeji hakukasirika, na hilo ndilo lililonichoma. Alichukua kipimajoto mkononi mwangu taratibu, akakitazama, akanionyesha: sitini na nne. Akasema digrii mbili hizo nimeondoka nazo mimi. Akafunga, akafunika, akarudi kwenye ubao wake. Akaongeza kwamba kigoda kitakuwa tayari wiki ijayo. Sasa nina kigoda nisichokihitaji.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mpango mpya, na huu ni wa uhakika. Pampu itavuta maji ya moto chini na kuyarudisha juu muda wote. Kipimajoto kimoja juu, kimoja chini, kimoja katikati kimefungwa kwenye mwiko. Daftari lenye mistari. Simu itanililia kila dakika tatu nisije nikasahau kufunua. Yeye ana blanketi!

Mke wangu alikuwa koridoni akishona mfarishi wa mteja, ule wa kulalia, wenye pamba katikati. Cherehani yake imekaa kati ya mlango wa jikoni na kapu la nguo chafu, chini ya taa moja ya njano. Nilipita kuchukua tepu. Nikaona anatia uzi kwenye sindano. Akakosa. Akalamba ncha, akakosa tena. Akasogeza sindano karibu na taa, akafumba jicho moja, akakosa. Nilisimama pale na tepu mkononi. Mara ya tano uzi ukapita. Hakujua kwamba namwona, nami nikapita.

Zamani alikuwa anatia uzi huku anazungumza na mimi, hata hatazami. Sijui lini ilibadilika. Naandika joto la maziwa kila dakika kumi na hilo silijui. Limenikaa kifuani jioni nzima.

Nimeazimia kumnunulia taa kali zaidi. Nimejisikia vizuri baada ya kuazimia.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Saa tatu kamili asubuhi. Kimea ndani. Sitini na sita! Juu, chini, katikati!

Saa tatu na dakika tatu. Nimefunua kuhakikisha. Sitini na tano.

Dakika ya sita. Nimefunua. Sitini na tatu na nusu! Nani anaiba joto humu ndani?

Dakika ya nane. Nimepandisha koili. Nimefunua kuona kama inapanda. Haipandi. Nimepandisha tena.

Dakika ya kumi. Sabini! Masalale! Nimemwaga kikombe cha maji baridi.

Dakika ya kumi na mbili. Sitini na moja juu, sabini na mbili chini. Nimekoroga kwa nguvu. Pampu imekohoa mara mbili na kunyamaza. Maganda ya kimea yameziba bomba. Jasho linanitoka mpaka kwenye daftari.

Dakika ya kumi na tano. Simu! Si ile ya kufunua, ni ghala. Chumba cha baridi kinapiga kengele, mlango haufungi, na wameambiwa kwamba kitasa cha akiba nimekiweka mimi mahali ninapopajua mimi. Nije sasa hivi.

Nilikuwa karibu kulia, naandika ukweli. Nikaenda kwa mke wangu koridoni nikamsihi. Kila dakika tano asome joto na kuliandika kwenye daftari. Na kila akisoma afunue, ahakikishe kwa kipimajoto cha kioo. Mistari tisa tu imebaki. Alikuwa na pini mdomoni. Akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia.

Ghalani, fundi wa mitambo ya baridi alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango. Akasema mpira umelika na kitasa kimelegea, mlango huu umefunguliwa mara nyingi kwa mwaka mmoja kuliko inavyopaswa kwa miaka kumi. Akauliza ni nani anafungua hivi. Nikayatazama maziwa. Mkuu wa ghala hakuyatazama maziwa, alinitazama mimi. Kisha akaninyang'anya ufunguo mbele ya watu. Kuanzia Jumatatu nitasoma joto kupitia kidirisha cha kioo kama alivyokusudia aliyekiweka. Huu ni uonevu, na nitauandika kwenye barua siku nikipata nafasi.

Nimerudi mbio, nikakuta saa imetimia na kupita kidogo. Mke wangu yuko kwenye cherehani yake. Nimelikimbilia daftari. Mistari tisa. Sitini na sita. Sitini na sita. Sitini na sita. Mpaka chini! Haijawahi kutokea! Nimelibusu daftari. Kumbe mitambo yangu ilikuwa inahitaji robo saa tu ya kutulia. Nilijua tangu mwanzo.

Mambo mawili madogo. Plagi nimeikuta imechomolewa, bila shaka kwa sababu saa ilikuwa imekwisha. Na juu ya mfuniko kulikuwa na vipande vya pamba. Nimemkumbusha mke wangu kwa upole kwamba bia inataka usafi. Akaniambia pole, akaendelea kukanyaga cherehani.

Kimechujwa, kimechemshwa, kimepozwa. Kiko kwenye ndoo na hamira yake.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Ndoo inatoa viputo. Nimesikiliza kwa sikio. Nilitaka kufungua nione povu limefika wapi, nikakuta mke wangu ameweka pasi yake ya mkaa juu ya mfuniko. Pasi ya chuma, ile ya bibi yake. Nimeuliza ni ya nini. Akasema anakosa mahali pa kuiweka.

Kazini nimesoma joto kupitia kioo mara moja kwa saa. Saa zimekuwa ndefu mno. Jioni mkuu wa ghala akapita akasema joto leo halikupanda hata mara moja. Nimemwambia ni kitasa kipya.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Siku ya chupa. Nimeonja kijiko. Nikakaa chini kwenye kigoda (kigoda kimefika). Si tamu, si maji, haina moshi. Ni bia! Nimeita kwa sauti mke wangu aje aonje, nikakumbuka kwamba hanywi. Akaja hata hivyo, akanusa, akasema inanukia mkate. Akatabasamu. Kisha akakitazama chumba, kuanzia ukuta wa huku hadi ule wa kule, akagusa kadibodi iliyoko dirishani kwa kidole kimoja. Akatoka.

Nimeziba chupa ishirini na nne nikikifikiria kidole kile. Chumba nitashinda, hilo halina shaka sasa. Je, baada ya kushinda, nisimpe tu? Ingependeza. Ingeonekana ni ukarimu mkubwa. Lakini tena, mtu ameshinda halafu anatoka? Watu watasema nini? Bwana Blanketi atasema nini? Nimeamua nitalifikiria suala hilo nikishamaliza kushinda. Na taa sijanunua. Kesho.

Jumapili, tarehe 30 Machi

Siku yenyewe. Chakula cha mchana, sisi watatu. Nimevaa shati jeupe. Nimemimina glasi mbele ya shemeji, povu vidole viwili, rangi ya asali. Akainua, akatazama kwenye mwanga wa mlango. Akanywa funda moja. Akanywa jingine. Mimi sikula kitu. Akamaliza, akafuta mdomo, akasogeza glasi upande wangu. Ya pili!

Nilisimama. Nilikuwa nimeandaa maneno machache na nikayasema yote. Kuhusu koili. Kuhusu tarakimu. Kuhusu tofauti kati ya mtu anayefuatilia na mtu anayefunika na kuondoka, bila kumtaja mtu. Nikaenda kuleta daftari nikalifungua mbele yao kama ushahidi. Mistari tisa!

Shemeji akalichukua akalisogeza karibu. Akasema mwandiko ni mzuri. Akasema yeye ni seremala na anaujua mstari uliopigwa kwa mkono mmoja bila kusita. Namba hizi zimeandikwa zote kwa mkupuo mmoja. Akamtazama dada yake. Dada yake akawa anakusanya sahani.

Nikamuuliza mke wangu. Hakuficha hata kidogo. Akasema nilipotoka tu alichomoa plagi, akakoroga taratibu mpaka ikawa sitini na sita juu na chini, akafunga mfuniko, akaifunga sufuria yote ndani ya ule mfarishi wa mteja, akarudi kushona. Hakufunua hata mara moja. Aliposikia geti akautoa mfarishi. Akatia kipimajoto, ikawa sitini na tano. Akaandika sitini na sita mara tisa kwa sababu niliomba mistari tisa na alinionea huruma nilivyokuwa natetemeka.

Nikamuuliza nani alimfundisha. Akasema hakuna, chai huwekwa kwenye chupa ikafungwa, na mtu haifungui kila mara kuiuliza kama bado ina moto.

Shemeji alicheka mpaka akashika meza. Mimi masikio yaliniwaka. Nilikaa. Kisha nikasema, na sijui yalitoka wapi, kwamba nimekuwa mpumbavu, na kwamba niliona siku ile anavyohangaika na sindano, nikapita na tepu yangu. Hapo kicheko kikaisha. Mke wangu akaweka sahani chini. Akasema alikuwa anafikiri hakuna aliyeona.

Kwa mujibu wa mkataba, glasi ya pili imeombwa, chumba ni changu. Nikasema aliyeipika bia ndiye mwenye chumba. Nikaenda kubandua kadibodi. Vumbi la miaka miwili! Mwanga ukaingia mpaka nikafumba macho. Mimi na shemeji tukabeba cherehani pamoja, yeye kichwa, mimi miguu, hatukugombana hata njiani. Mke wangu akakaa dirishani, akachukua sindano, akatia uzi. Mara moja tu. Akatia na ya pili, bila sababu, kwa raha zake. Nilitoka nikasimama kidogo koridoni, pale cherehani ilipokuwa.

Baadaye akaniita. Sufuria inaweza kubaki pembeni, akasema. Ataishonea koti nene la pamba. Sharti moja: ikishavaa koti, saa nzima hakuna anayeigusa. Nimekula kiapo na shemeji ameshuhudia.

Jumatatu, tarehe 31 Machi

Koti limekwisha! Tabaka tatu, limedariziwa vimraba vidogovidogo, lina kofia ya mfuniko na mkanda wa kukaza. Kazi nzuri kupita kitu chochote nilichowahi kumiliki. Nimelipapasa kwa muda mrefu.

Nimekaa kwenye kigoda nikayatafakari yote. Maziwa, bia, nyumba yangu. Joto halikuwa linaibwa na mtu. Nilikuwa nalitoa mwenyewe kwa mkono wangu, kila nilipokwenda kuhakikisha kwamba lipo. Kitu kilichofungwa vizuri kinataka kuachwa. Nimelielewa hilo kabisa. Naliandika hapa kwa wino mzito nisije nikalisahau.

Kisha nikamwomba mke wangu jambo moja dogo. Kidirisha. Cha plastiki angavu, upana wa kiganja tu, ubavuni mwa koti, mkabala na kipimajoto. Kama kile cha ghalani. Na kwa kuwa plastiki itashika ukungu, basi zipu fupi chini yake, ya kupitisha mkono siku hizo za ukungu. Nilikuwa tayari nimechukua vipimo. Nilimwonyesha mchoro.

Alitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine akazichoma kwenye mto wake. Alisimama, akanishika bega kwa upole, akanitoa nje ya mlango, akaufunga. Nikasikia komeo la ndani. Sikujua kwamba mlango ule una komeo la ndani.

Saa kumi na moja jioni. Naandika haya koridoni, kwenye kigoda, chini ya taa ya njano. Taa hii mbovu kweli, ni ajabu hakuna aliyeibadilisha. Cherehani inalia kule ndani, polepole, kisha haraka. Anaonekana ana raha. Lakini nitajuaje? Nimegonga kumuuliza kama mwanga unamtosha. Amesema unatosha.

Dakika tatu zimepita. Nimegonga tena.